Mazabodi haijaungua, imekabwa na vumbi

Ndugu msomaji, kuna neno moja ambalo mafundi wetu wa kompyuta wanalipenda kuliko maneno yote: "imeungua". Unampelekea fundi kompyuta inayojizima yenyewe kila baada ya dakika kumi na tano. Anaiwasha, anaigusa ubavuni, anatikisa kichwa, kisha anatoa hukumu: "Hii mazabodi imeungua, mkuu. Tafuta nyingine." Hajafungua hata skrubu moja. Hajapima chochote.

Mimi napinga hukumu hiyo. Naipinga kwa sababu naona inavyowatoa watu fedha, na fedha yenyewe katika wilaya yetu inatoka kwenye mahindi, alizeti na mbuzi. Msimamo wangu ni huu: kompyuta inayochemka ni mgonjwa, si maiti, na mara nyingi ugonjwa wake unatibika kwa brashi, spiriti na saa moja ya kazi. Anayesema imekufa kabla ya kuifungua, huyo anauza mazabodi, hatengenezi kompyuta.

Naandika haya nikiwa Mlali. Si ile Mlali ya Mvomero kule Morogoro, bali hii yetu ya wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Nataja mahali kwa makusudi, maana mahali ni nusu ya ugonjwa wenyewe. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia karibu na Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi na upepo. Mifugo inapita, pikipiki zinapita, malori ya mahindi ya kwenda Kibaigwa yanapita, na kila kinachopita kinaacha vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye sufuria lenye kifuniko. Sasa fikiria kisanduku chenye feni mbili au tatu ambazo kazi yake ni kuvuta hewa ndani kutwa nzima. Hiyo ni mashine ya kukusanya vumbi, hata kama hukuinunua kwa kazi hiyo.

Halafu kuna nyumba zetu. Paa la bati, dari hakuna, mwezi wa Novemba jua liko utosini. Chumba chenyewe kimeshakuwa tanuri kabla kompyuta haijawashwa. Na sisi nasi tunaipenda kompyuta kama tunavyopenda redio na televisheni: tunaiweka ndani ya kabati, tunaisukuma hadi mgongo uguse ukuta, kisha juu tunaitandika kitambaa cha kufuma. Jamani, kitambaa ni kizuri, mama amekifuma kwa wiki mbili, lakini kwa kompyuta iliyo kazini ni kama kumfunika mtu blanketi la pua na mdomo halafu umwambie akimbie.

Wapo watakaosema, "Ndugu mwandishi, leo ni zama za simu na laptopu, nani bado anahangaika na kompyuta ya mezani?" Njooni Mlali mwone. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, ana kompyuta ya mezani sebuleni. Kijana wake anachapa barua za watu, anaweka nyimbo kwenye memori kadi, anatoa fomu za kujiunga kidato cha tano, anawajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB na maombi ya kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kwa mtaa mzima ile kompyuta ni ofisi, na kwa mwenye nyumba ni chumvi, sabuni na ada ya shule.

Mwaka jana, dirisha la maombi ya mkopo likiwa linakaribia kufungwa, kompyuta ile ikaanza kujizima. Binti mmoja alijaza fomu, ikazima. Akaanza upya, ikazima. Mara ya tano akafunga vyeti vyake kwenye mfuko akapanda gari kwenda mjini kutafuta kompyuta nyingine, na nauli juu yake. Fundi aliyeitwa akasema lile neno lao. Mama akaanza kupiga hesabu ya mbuzi wa kuuza. Bahati nzuri pale jirani kuna kijana anayetengeneza redio na simu, akasema, "Mama, subiri kwanza tuifungue." Walipofungua walikuta chuma cha kupozea prosesa kimevaa vumbi zito kama gamba la mti, na moja ya miguu yake minne ya plastiki imechomoka. Mbuzi wale wako hai hadi leo.

Simulizi hiyo naitoa kwa sababu ina mafunzo yote ya somo letu. Hebu tulitazame taratibu.

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni, kwa nyingi ya zile za zamani hakizidi ukucha wa kidole gumba, lakini joto lake si la mchezo. Zile Pentium 4 za mwaka 2004 zilizoitwa Prescott, kuna zilizofika wati 115. Hiyo ni zaidi ya ile balbu ya zamani ya wati 100, ambayo ukiigusa ikiwaka unaacha ngozi. Joto hilo linatoka kwenye prosesa, linapita kwenye utando mwembamba wa grisi ya kupozea, linaingia kwenye chuma chenye mapezi, na feni inalipeperusha. Ni mnyororo. Kipande kimoja kikilegea, joto linarudi nyumbani kwake.

Prosesa yenyewe si mjinga. Watengenezaji wameiwekea kinga: ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo, na ikizidi hapo inazima kompyuta nzima ili isiungue. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kompyuta inayojizima baada ya muda kwa sababu ya joto inakuonyesha kuwa kinga yake bado inafanya kazi. Ni kama lori linalopandisha mlima, mshale wa joto umefika kwenye nyekundu, dereva anaegesha pembeni. Rejeta imeziba. Nani kati yetu aliwahi kuona fundi wa magari mwenye akili timamu akisema tununue injini mpya kwa sababu rejeta imeziba? Lakini kwenye kompyuta tunaambiwa hivyo kila siku na tunaitikia "sawa fundi".

Sasa basi, nini kifanyike? Si lazima uwe mhandisi. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, jua kama ni joto au ni umeme. Chukua saa. Ikizima baada ya muda unaokaribiana kila mara, na ukiiwasha hapo hapo inazima mapema zaidi, lakini ukiiacha ipumzike nusu saa inarudia muda wake wa mwanzo, hilo ni joto. Ikizima ovyo ovyo, hata asubuhi ikiwa baridi kabisa, au ikizima kila mara mashine ya kuchomelea ya jirani inapowashwa, hapo tazama umeme na pawasaplai. Kipimo hiki hakina gharama hata ya senti tano, na kinaondoa nusu ya ubishi.

Pili, soma joto lenyewe. Unapoiwasha, bonyeza kitufe cha Delete au F2 mara kadhaa hadi uingie kwenye mipangilio ya ndani, ile mafundi wanayoiita baiosi. Humo kuna ukurasa unaoonyesha nyuzi joto za prosesa na mwendo wa feni. Ikisoma kati ya 40 na 55, usiwe na wasiwasi. Ikisoma 80 na inaendelea kupanda huku haifanyi kazi yoyote, umeshampata mwizi. Na feni ikisoma sifuri, basi hata usiendelee, feni imekufa, na feni ndiyo ya kununua, si mazabodi.

Tatu, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, toka nayo nje, ifungue ubavu. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine, maana siku za ukavu huku Dodoma mwili unabeba umeme wa msuguano unaoweza kuua vipande vidogo bila wewe kuhisi. Tumia brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli. Shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Wapo wanaoipeleka kwa mziba pancha apulize kwa kompresa. Sikatazi, ila mwambie kwanza amwage maji yaliyomo kwenye tangi, na apulize akiwa mbali, maana upepo ule unaweza kung'oa vitu, na maji yakiingia ndiyo itaungua kweli. Pawasaplai usiifungue, hata kama umechomoa waya. Mle ndani kuna kapasita zinazotunza umeme mwingi. Ipulizie kwa nje, inatosha.

Nne, tikisa chuma cha kupozea kwa upole. Mazabodi nyingi za Intel tangu mwaka 2004 hukishika chuma hiki kwa vijiti vinne vya plastiki vinavyobonyezwa kwenye matundu. Kompyuta ikisafirishwa kwenye barabara zetu hizi, kijiti kimoja kikichomoka chuma kinakaa upande, na prosesa inabaki inapumulia upande mmoja. Ndicho kilichompata jirani yangu. Sauti moja tu ya "tak" na kazi imekwisha.

Tano, ile grisi. Baada ya miaka kadhaa inakauka na kupasuka kama udongo wa lambo wakati wa kiangazi. Futa ya zamani kwa kitambaa na spiriti safi, acha pakauke, weka mpya kiasi cha punje moja ya mchele uliopikwa, rudisha chuma sawasawa. Kuna mafundi wanaoweka dawa ya meno. Ndiyo, inafanya kazi kwa siku chache, kisha inakauka na unarudi kulipa tena. Sasa hapo nani mjanja?

Sita, angalia kapasita, vile vimakopo vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Ukiona kimevimba kama mkate, au kuna uchafu wa kahawia umevuja, hapo kweli mazabodi inaumwa. Lakini hata hapo haijafa! Fundi redio mwenye kichomeleo na mkono mtulivu anaweza kuzing'oa na kuweka nyingine za kiasi kile kile cha maikrofaradi, volti zile zile au zaidi, za kuvumilia nyuzi 105. Ukweli ni kwamba joto ndilo adui wa vimakopo hivi: kanuni inayojulikana kwa watu wa elektroniki ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, maisha ya kapasita ya aina hii hupungua kwa nusu hivi. Kwa hiyo aliyepuuza vumbi leo ndiye atakayebadilisha kapasita kesho.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi hawalijui. Ugonjwa wa kapasita haukuanzia kwetu wala si uzembe wa mswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilipata kompyuta zenye kapasita mbovu. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo hayo, na nyaraka za kesi moja nchini Marekani, zilizojulikana hadharani mwaka 2010, zilionyesha kwamba kompyuta zisizopungua milioni 11.8 za OptiPlex zilizouzwa kati ya Mei 2003 na Julai 2005 zilikuwa hatarini. Hizo ni kompyuta za maofisini. Na sote tunajua kompyuta ya ofisini ikizeeka Ulaya na Marekani inakwenda wapi. Inafutwa, inafungwa kwenye kontena, inaitwa "yuzdi", na huku inapokelewa kwa vigelegele.

Sizichukii kompyuta za mtumba. Bila hizo vijijini tusingekuwa na kompyuta. Ninachokichukia ni mashine kuletwa bila matunzo yake. Na sisi watu wa Kongwa ndio tungekuwa wa mwisho kulisahau somo hili. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa hapa na mradi wa karanga. Walileta matrekta, mengi yakiwa mabaki ya Vita vya Pili vya Dunia, na hata vifaru vya Sherman vilibadilishwa vikawa matrekta. Walikuta udongo ambao kiangazi kikiingia unakuwa mgumu kama saruji na mchanga wake unasaga chuma. Mashine zikafa moja baada ya nyingine. Januari 1951 mradi ukatangazwa kufutwa, ukiwa umemeza kama pauni milioni 36. Mashine zile zilikuwa na nguvu za kutosha. Kilichokosekana mwanzoni ni mtu wa kuuliza: huko tunakozipeleka pakoje? Nani atazihudumia, na kwa vifaa gani?

Swali hilo halijazeeka. Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa msaada wa bure wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo haziwezi kupokea Windows 11 zinaondolewa maofisini huko duniani. Sina shaka kwamba sehemu yake itatufikia, kwa kununuliwa au kwa msaada wa wafadhili. Watakaozileta shuleni watapiga picha na walimu, watakata utepe, watakula pilau, wataondoka. Kiangazi kimoja baadaye nusu ya chumba itakuwa imefunikwa mashuka, na mwalimu anasema "zimeungua".

Kwa hiyo ninayo maombi matatu, na naomba yasichukuliwe kama utani.

Kwa wafadhili na wabunge wanaogawa kompyuta: kila kompyuta kumi ziambatane na brashi, blowa, mrija wa grisi, feni za akiba na vidhibiti umeme. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kompyuta moja. Na mumfundishe mwalimu mmoja na wanafunzi watano kuzifungua. Ndiyo, wanafunzi. Mtoto anayeweza kufungua baiskeli na kuifunga anaweza kufungua kompyuta.

Kwa vyuo vya kompyuta vya mitaani: miezi mitatu mnamfundisha kijana kuandika barua na kutengeneza jedwali, mnampa cheti chenye muhuri, lakini hajawahi kuona prosesa kwa macho yake. Somo la kwanza liwe bisibisi. Anayeogopa kufungua kisanduku atabaki mteja wa mwenzake maisha yake yote.

Kwa mafundi, na hapa naongea na rafiki zangu: najua maisha ni magumu, na kuuza mazabodi kuna faida ya haraka kuliko kupuliza vumbi. Lakini mteja akijua ulimuuzia injini wakati rejeta ilikuwa imeziba, harudi, na anawaambia wenzake kisimani na sokoni. Tozeni fedha ya usafishaji, itozeni bila aibu, muiite jina lake. Mtu analipa sevisi ya pikipiki kila mara bila kulalamika; kwa nini asilipe sevisi ya kompyuta mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya upepo wa kiangazi na mara moja baada yake?

Na wewe mwenye kompyuta nyumbani: iondoe kwenye kabati, iinue kutoka sakafuni ufagio unapopita, iache na nafasi ya kiganja kizima nyuma yake. Kitambaa kivulie ikiwa inafanya kazi, kivalishe ikishapoa na kuzimwa. Hapo kitambaa kitakuwa kinaikinga na vumbi badala ya kuiua kwa joto. Siku ikianza kujizima, usiulize kwanza bei ya mazabodi. Chukua saa uhesabu dakika, kisha tafuta bisibisi. Na fundi akikuambia "imeungua", mwambie kwa heshima tu: "Sawa fundi, nionyeshe palipoungua."